Wanafunzi na waruhusiwe kufungua kibodi

Likizo ya Agosti iliyopita nilipanda barabara itokayo Lanet kuelekea Ol Kalou, nikashuka Dundori, mahali ambapo baridi ya asubuhi humfanya mgeni ajutie koti alilolisahau nyumbani. Nilikwenda kwa shughuli za jamaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya siku hiyo niliimalizia katika kibanda cha fundi wa redio, kando ya magunia ya viazi yaliyosubiri lori, nikimtazama mwanafunzi wa kidato cha tatu akilehemu bodi ya saketi.

Kijana huyo alikuwa amepewa kibodi ya kompyuta kuukuu iliyotolewa katika ghala ya shule moja. Vitufe vilikuwa vizima. Kilichokufa ni kisimbaji, yaani saketi inayogeuza mguso wa kidole kuwa nambari. Alikuwa akiunda kisimbaji kipya kwa chipu ya bei nafuu iliyonunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa kuwa hakuwa na kompyuta ya kuiunganisha na kibodi hiyo, alipanga taa ndogo saba mstari mmoja. Alipobonyeza A, iliwaka taa ya kwanza na ya mwisho: 64 na 1, jumla 65. Hiyo ndiyo nambari ya A katika msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963.

Huenda msomaji akajiuliza mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa isimu. Naomba subira.

Vitufe vya kibodi havina nyaya zao mahsusi hadi kwenye kompyuta. Hupangwa kwa safu mlalo na safu wima, na kisimbaji huzipitia safu hizo moja baada ya nyingine, kwa kasi kubwa, kikiuliza ni wapi mlalo na wima zimegusana. Kwa mpango huo vitufe 88 huhitaji nyaya 19 tu, 8 za upande mmoja na 11 za upande wa pili. Chuma cha kitufe nacho hurukaruka kidogo kinapogusana, hivyo kisimbaji hungoja sehemu chache za elfu za sekunde ili mguso mmoja usihesabiwe mara tano. Tena, vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kwenye pembe za mstatili, cha nne huonekana kama kimebonyezwa ilhali hakuna aliyekigusa. Dawa yake ni dayodi moja kwa kila kitufe. Kijana alikuwa amezilehemu zote, na mbili alizigeuza nyuma mbele. Alizing'oa na kuanza upya bila kununa.

Baada ya hapo kisimbaji hufungua kamusi. Sitii chumvi nikiiita kamusi, kwani ni jedwali linalosema: mahali fulani pakiguswa, toa nambari fulani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya General Instrument iliuza chipu iliyoitwa AY-5-2376, na jina lenyewe lilikuwa hesabu: vitufe 88, hali tatu za kila kitufe, biti tisa kwa kila hali, jumla biti 2376. Jedwali hilo lilichongwa kiwandani. Mnunuzi mkubwa aliweza kuagiza lake. Mnunuzi mdogo alipokea lugha aliyopewa.

Sisi wa Kiswahili tulisalimika kwa bahati. Tahajia iliyosanifishwa tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 haihitaji herufi yoyote nje ya zile za Kiingereza. Q na x twaziachia wenyewe. Shida yetu ni ndogo: ile alama ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo programu nyingi huidhania kuwa ya kunukuu. Lakini Dundori watoto wengi huzungumza Gĩkũyũ nyumbani, na lugha hiyo ina irabu saba. Mbili kati yake huandikwa kwa kiwimbi juu ya herufi. Kiwimbi kimo ndani ya ASCII, nambari 126, ila kimesimama peke yake. Kwa taipureta ungerudi nyuma hatua moja ukakipiga juu ya u. Kwenye skrini hakipandi juu ya chochote.

Matokeo yake nimeyaona katika karatasi za mazoezi: mũndũ huandikwa mundu, mũtĩ huwa muti, na mtoto wa gredi ya pili huambiwa asome irabu ambazo hazipo mbele yake. Mwalimu hulaumiwa kwa uzembe. Mara nyingi kosa lake ni kutojua kwamba jedwali linaweza kubadilishwa. Msimbo wa Unicode, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, umezipa herufi hizo nambari zake, na mpangilio wa kibodi hurekebishwa kwa programu bila gharama.

Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kusambaza tableti za wanafunzi na vipakatalishi vya walimu katika shule za msingi, tumewafundisha watoto kugusa vioo vilivyozibwa. Mtaala wa umilisi unahimiza kutenda. Basi kibodi mbovu zilizojaa ghalani zitolewe, zifunguliwe mezani, na mwalimu wa lugha aketi pamoja na mwalimu wa sayansi. Wapo watakaosema ni hatari. Skrini za zamani zenye kioo cha tyubu ni hatari kweli, na zisiguswe. Lakini kibodi hutumia volti 5. Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe baada ya kulehemu.

Jioni nilimwomba kijana aniandikie ũ. Alitazama taa zake saba, akahesabu kwa kidole.

"Mwalimu, hizi zinafika 127 tu. Hiyo ni ngapi?"

Nilimwambia ni 361. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia fundi na kumwomba taa nyingine mbili.