Zanzibar kwa randi chache: ushauri wa asiyeweza kwenda

Mwezi Februari jirani yangu hapa Yeoville, Johannesburg, alinigongea mlango akiwa na karatasi mkononi. Ni mwalimu wa skuli ya msingi, mama wa makamo, mtu wa Kizulu. "Bhuti," aliniambia, maana hapa ndivyo wanavyomwita kaka, "kwenu si ni huku?" Karatasi ilikuwa na picha ya mnazi ulioinamia maji ya buluu, na chini yake maandishi makubwa: siku saba Zanzibar, ndege, hoteli, chakula na vinywaji, randi 16,900 kwa mtu mmoja.

Nikamjibu kuwa ndiyo, kwetu ni huko.

Yeye na wenzake watatu wana stokvel yao. Kwa msomaji asiyeijua Afrika Kusini, stokvel ni upatu: watu wanachanga kila mwezi, na wengi wao hugawana Desemba kwa ajili ya unga, mafuta, nyama na sare za watoto. Hawa wanne walikuwa wameamua kuwa mwaka huu hawagawani vyakula. Wanataka kuona bahari isiyokuwa ya Durban. Swali lao kwangu lilikuwa moja tu: je, bei hii ni ya haki, au wanaibiwa?

Ndugu msomaji, mimi ni mkimbizi. Niliondoka Unguja baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020 na sababu zake si za leo. Kitabu changu cha safari cha mkimbizi kinaniruhusu kwenda nchi zote za dunia isipokuwa ile moja niliyoikimbia, na siku nitakayoikanyaga kwa hiari yangu, huku nako naweza kuupoteza ukimbizi wangu. Kwa hiyo mtu anapokuja kuniuliza namna ya kwenda kustarehe kwetu kwa bei rahisi, kwanza nacheka, halafu nanyamaza kidogo. Lakini nilikaa naye mezani nikachukua kalamu.

Nilikuwa na hakika kuwa nitamwonesha kwamba karatasi ile ni wizi mtupu. Hesabu ikanikatalia. Tiketi ya ndege kutoka hapa hadi Unguja, kwenda na kurudi, ukiikata mapema nje ya Desemba, tuliiona kwa kiasi cha randi 7,500. Hapo pana ugumu wenyewe, na hapana ujanja wa kuukwepa. Mashirika ya bei nafuu yamekuja na kuondoka katika njia hii: 1time ilikufa Novemba 2012, Mango ikasimamisha safari zake Julai 2021, na kila moja ilipoondoka wasafiri wa kipato kidogo walirudi kuwa wachache. Wapo vijana wetu wanaokwenda kwa basi kupitia Lusaka na Tunduma hadi Dar es Salaam, kisha boti, lakini mwalimu mwenye likizo ya wiki tatu na magoti yanayouma huwezi kumshauri hivyo.

Baada ya tiketi, mambo ni mepesi zaidi. Vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya kawaida pale Jambiani au Mji Mkongwe, dola 30 kila kimoja kwa usiku, watu wanne wakigawana: randi 1,870 kila mtu kwa usiku saba. Chakula, dola 12 kwa siku, na hapo unakula hadi unalala: randi 1,500. Nauli na matembezi tukaweka 1,400. Bima ya lazima ya dola 44, ambayo kila mgeni anatakiwa ainunue kwa Shirika la Bima la Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hata kama ana bima yake nyengine, ni randi 780. Jumla ni 13,050. Karatasi ya mnazi, ukiongeza bima ambayo haikumo ndani yake, inafika 17,680. Tofauti ni randi 4,630 kwa mtu. Kwa mwalimu ni fedha nyingi, lakini si wizi niliokuwa nikiutafuta.

"Basi kwa nini nisilipe hiyo, nikalala kwa amani nikijua hakuna wa kunidai tena?" aliniuliza. Hapo ana haki. Mtu aliyechanga mwaka mzima haogopi bei kubwa, anaogopa bei asiyoijua. Anaogopa teksi ya uwanjani, anaogopa papasi wa Shangani atakayemwandama mtaa hadi mtaa akimwita "rafiki". Karatasi ile inauza utulivu wa moyo.

Lakini mimi nilimwonesha safu nyengine ya hesabu. Katika safari ya kujipangia wenyewe, karibu randi 4,770 za kila mtu zinaingia mikononi mwa watu wa Unguja moja kwa moja: mwenye nyumba ya wageni, dereva wa daladala, mvuvi, mama muuza chapati. Watu wanne ni randi elfu kumi na tisa. Katika safari ya "kila kitu ndani", fedha inalipwa hapa Johannesburg kabla mtu hajafunga sanduku, na mgeni akifika hana sababu ya kutoka nje ya ukuta kununua hata embe. Sisemi kuwa hoteli hizo hazina faida. Zimeajiri vijana wengi, wakiwemo niliosoma nao. Ila wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kisiwa kilichopokea zaidi ya wageni laki saba mwaka 2024 kina haki ya kuuliza huyo mwenyeji amepona wapi. Nenda Paje uone. Wanawake wanaolima mwani pwani ile tangu 1989 wanafunga kamba zao mbele ya mabwawa ya kuogelea, na kilo ya mwani mkavu haifiki bei ya glasi moja ya juisi upande wa pili wa ukuta.

Basi walikubali kujipangia, na mimi nikawa mkuu wa safari nisiyekwenda. Niliwapa masharti.

La kwanza, wasiende Desemba. Bei zinapanda mara mbili na Wazungu wote wako huko. Machi hadi Mei ni masika na baadhi ya hoteli hufunga milango. Nikawachagulia mwisho wa Juni, skuli za huku zikifungwa: mvua imekwisha, kusi inavuma, jua si kali, na huku kwetu Johannesburg ndiyo baridi inakata masikio. Viza hawahitaji, watu wa Afrika Kusini wanaingia bila viza.

La pili, bahari. Hapa nilichukua muda kuliko pote, maana ndipo wageni wengi wanapolia kuwa wamedanganywa. Wanakodi chumba pwani ya mashariki, wanaamka asubuhi, bahari haipo. Imekwenda mbali, karibu na mwamba, na mahali pake pamebaki mchanga, mwani na watoto wanaochokoa pweza. Hoteli za Nungwi na Kendwa, ambako maji hayakimbii sana, zinatoza kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa fedha chache asiende Nungwi kushindana. Aende Jambiani na ajifunze mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena kiasi cha saa kumi alasiri. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi yako nje kabisa. Siku za maji mafu, yaani juma moja baadaye, ni kinyume chake, na maji yenyewe hayaendi mbali. Nikamchorea kalenda. Asubuhi ya bamvua watembee hadi mwambani na mwenyeji, wamlipe chochote, waone nyota za bahari na madema ya wavuvi. Jioni waogelee. Haya yote hayana kiingilio. Aliniambia kuwa katika miaka ishirini na mbili ya kufundisha jiografia hakuna aliyemweleza maji kupwa na kujaa kwa faida ya mfuko wake.

La tatu, gari. Nilipoondoka, daladala ya Jambiani ilikuwa namba 309 na ya Nungwi 116, na nauli mpaka sasa haifiki dola mbili, wakati teksi ya kwenda huko huko inataka arobaini. Njiani gari inapita Jozani penyewe, mnashuka, mnaona kima punju, mnapanda nyengine. Boti ya kwenda Changuu wasikodi peke yao, wasubiri wenziwao wajae.

La nne, chakula. Forodhani waende usiku mmoja, kwa ajili ya taa, na watoto wanaojirusha baharini, na juisi ya miwa. Lakini wasinunue kamba wala samaki aliyepangwa mezani kabla ya kuuliza bei. Urojo, maharage ya nazi, chapati, mkate wa ufuta, hivyo wavile wanakokula wenyeji, ndani ya mitaa, mchana. Na kama ni Ramadhani wajue kuwa mchana hakuna.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwaambia, na huyu jirani hasomi Kiswahili kwa hiyo naweza kuliandika. Niliwachorea ramani ya mahali pa kula. Mahali hapo chakula kinauzwa na mama yangu mdogo, aliyenilea. Sitataja mtaa wala anauza nini. Unguja wauza chakula ni wengi kuliko nazi. Sikuwapa barua. Sikuwapa salamu wala fedha. Nilipoondoka, watu walikwenda kwake mara mbili kuuliza niko wapi, na sikutaka wamkute tena kwa sababu ya mwalimu wa Yeoville aliyetamka jina langu kwa sauti mbele ya wateja. Niliandika tu: hapa chakula ni kizuri na bei haibadiliki kwa rangi ya mgeni.

Walikwenda. Walirudi Julai wameungua mabega, mmoja amekanyaga shokomzoba, na kila mmoja ametumia randi mia tano juu ya hesabu yangu, nyingi zikiwa za khanga. Dereva mmoja wa teksi aliwatoza mara tatu usiku wa kwanza, kama nilivyowaonya. Boti ya Changuu waliisubiri saa mbili. Mengine yalikwenda sawa. Stokvel yao ilibakisha fedha za kununua unga wa Desemba, si nyama.

Jirani alinionesha picha kwenye simu, zaidi ya mia tatu. Beit al-Ajaib, iliyoporomoka upande mmoja siku ya Krismasi 2020, niliipita haraka. Nikamwuliza kama pale nilipowaelekeza walikula. "Mara tatu!" akasema. "Yule mama alitupa cha bure siku ya mwisho. Alituuliza nani katuonesha pale, nikamwambia rafiki yetu mmoja, yuko Joburg. Hakuuliza jina. Akaturudishia fedha zote."

Katika picha anaonekana mkono tu, unapakua. Umekonda, na ile bangili ya fedha imeshuka karibu na kiganja. Nilimwomba anitumie picha hiyo, akashangaa, akasema anazo nzuri zaidi, za machweo.

Halafu akakumbuka kuwa yule mama alimpa kikapu cha halua, cha ukili, akisema ni cha huyo rafiki. Kiko juu ya friji yangu. Nimekila nusu.