Tusimlaumu Fahali Kabla ya Kuielewa Mbegu

Mkulima wa Kiminini au wa Kimilili akiona ng'ombe wake amerudi kwenye joto siku 21 baada ya kupandishwa kwa mrija, neno la kwanza limtokalo kinywani ni kwamba aliuziwa maji. Mwanawe aliyeketi kando, ambaye pengine juzi tu alieleza vizuri katika mtihani wa biolojia jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi mfano wa kufuli na ufunguo, hana la kumjibu babaye. Hapo ndipo ninapotulaumu sisi walimu.

Uhimilishaji si jambo geni nchini Kenya. Ulianza mwaka 1935, na kituo cha Kabete kikaanzishwa mwaka 1946. Lakini tangu serikali ilipoanza kuiacha huduma hiyo mikononi mwa watu binafsi mwaka 1991, kila jaribio linaloharibika huugusa mfuko wa mkulima mwenyewe.

Je, huharibikia wapi? Kichwa cha mbegu ya kiume kimevikwa kofia nyembamba iliyojaa vimeng'enya. Kimojawapo hutawanya seli zilizolizunguka yai; kingine, akrosini, husaidia kulipenya ganda lake. Akrosini hii ni ndugu ya tripsini, ile ambayo wanafunzi wameisoma katika usagaji wa chakula. Sasa, kimeng'enya kilacho protini hakichagui; kikiamka mapema huila mbegu yenyewe. Kwa sababu hiyo umajimaji wa shahawa umejaliwa vizuizi, yaani protini ndogo ambazo huikamata akrosini na kuifunga isifanye kazi kabla ya wakati wake. Mbegu ikishaingia katika njia ya uzazi ya jike, vifungo hivyo huvuliwa polepole, kwa muda wa saa kadhaa. Mwaka 1951 Austin kule Australia na Chang kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mbegu haiwezi kulitungisha yai mpaka ikae kwanza ndani ya jike. Kumbe yule mhimilishaji asemaye, "Ukiona joto asubuhi, nitakuja jioni," si mvivu hata kidogo. Anaipima saa ya yai na saa ya mbegu.

Mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija ukiinuliwa kwa uzembe hadi mdomoni mwa mtungi, ukapata joto kisha ukarudishwa, kofia nyingi hupasuka na vimeng'enya vikavuja bure. Mbegu ya namna hiyo huweza kuonekana chini ya hadubini ikiogelea kwa mbwembwe, ilhali imekwisha kupoteza silaha zake. Fahali ana kosa gani hapo?

Kwa wafugaji wa mbuzi wa maziwa, ambao wanazidi kusikika pande za Bungoma, mambo ni magumu zaidi. Shahawa ya fahali huchanganywa na kiini cha yai la kuku ili kuikinga dhidi ya baridi. Ukiifanyia ya beberu vivyo hivyo bila hadhari, utaiua: tezi moja ya beberu hutoa kimeng'enya kinachovunja lesithini iliyomo katika kiini hicho na kuigeuza kuwa sumu kwa mbegu. Ndipo wataalamu wakalazimika kuiosha shahawa ya beberu kwanza, au kupunguza sana kiini cha yai. Sijui mfano mwingine unaoeleza kazi ya vimeng'enya kwa uwazi kama huu, nao haumo katika vitabu tunavyofundishia.

Katika mtaala wa 8-4-4 tuliwafundisha vimeng'enya katika kidato cha kwanza na uzazi katika kidato cha tatu, kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa yale yanayomzunguka. Basi shule za Kitale, zilizo karibu na mashamba ya Shirika la Ustawishaji Kilimo, zinangoja nini? Mhimilishaji apitaye kwa pikipiki na mtungi wake aombwe asimame mbele ya darasa kwa dakika kumi, aufungue, kisha mwanafunzi mmoja amwulize kwa nini hathubutu kuuinua mrija kupita shingo ya mtungi.