Bugenvile kwenye lupango: siku tuliyonunua vijiti bila mizizi



Juma lililopita mama mmoja wa Mangobo alituuliza mbele ya wote: "Yale maua yenu ya mlangoni yanazuia mwizi, ao ni mapambo tu?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Pesa za sanduku ndizo zilizonunua maua yale, na bado kuna wenzetu ambao hawajatusamehe. Basi leo tunaeleza yote, pamoja na hasara.

Uzio wa mahali petu pa mkutano ulikuwa wa mianzi. Mnajua mianzi ya hapa kwetu: mvua inaiozesha chini, mchwa wanamalizia. Kila mara tunachangishana upya, na ukuta wa matofali hatuuwezi. Usiku mmoja wezi walipita katikati ya mianzi iliyooza wakabeba sufuria mbili kubwa za sherehe, zile tunazokodisha ili sanduku lipate kitu. Ndipo mweka hazina wetu akaleta wazo la bugenvile, yale maua ya zambarau, mekundu ao ya machungwa yanayoning'inia juu ya kuta za nyumba za zamani kule Makiso. Yana miiba mikali, yanaishi miaka mingi, na kila ukiyakata yanachipuka tena. Wengine walisema heri tupande sombe, maua hayaliwi. Tulikubaliana sombe na lengalenga zibaki ndani, miiba ikae pembeni.

Tulinunua miche 12 kando ya barabara. Watu wawili wa toleka waliileta imefungwa nyuma ya baiskeli. Yote ilikuwa na majani mabichi, na miwili ilikuwa tayari na maua. Tulirudi nyumbani tukiimba. Wiki 3 hazikwisha, 7 ikakauka. Tulipoing'oa tulikuta vijiti vitupu, hakuna mzizi hata mmoja! Muuzaji alikuwa amekata matawi, akayachomeka kwenye sashe za udongo, akangoja majani yatoke, akauza. Tulipomrudia, hakuwapo.

Tulijifunza kwa machozi kwamba tawi la bugenvile lina akiba ya chakula ndani yake. Linaweza kutoa majani, hata ua, kabla ya kutoa mizizi. Kwa hiyo majani mabichi si ushahidi. Mama anayenunua ashike shina kwa vidole viwili, avute polepole sana. Likiinuka bila kushikwa na udongo, aliache hapo. Kisha ageuze sashe aangalie matundu ya chini. Mche wa kweli unaonyesha mizizi midogo myeupe pale. Na asiukimbilie ule wenye maua mengi kuliko yote. Sisi tungechukua ule mfupi wenye shina nene na matawi matatu ao manne.

Ile mitano iliyobaki, mmoja tuliuua wenyewe. Tulipasua sashe haraka na udongo ukamwagika wote. Mizizi ya bugenvile ni laini kama nyuzi, haipendi kuguswa. Chana sashe kwa wembe ukiwa umeiweka tayari ndani ya shimo, uitoe taratibu, udongo ubaki umeshikana.

Shida kubwa zaidi ya Kisangani ni maji. Maua haya asili yake ni Amerika ya Kusini, na yanapenda jua kali pamoja na udongo unaokauka kati ya mvua na mvua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, tunapata karibu milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kweli. Ukichimba shimo mahali pa chini, umechimba bwawa. Tulipandisha tuta la udongo uliochanganywa na mchanga, urefu wa magoti, tukapanda juu yake, mche hadi mche nafasi ya mita moja. Mahali tulipachagua kwa jua tu: saa sita za jua kwa siku ao zaidi. Mche uliopandwa chini ya mwembe unatoa majani mazuri, ua hakuna.

Halafu mbolea. Mwenzetu mmoja kwa upendo wake aliujaza mmoja mavi ya kuku. Ulikua kama wazimu, ukapita dirisha, bila ua hata moja kwa miezi mingi. Mbolea kali inalisha majani. Sasa tunaweka mboji kidogo na konzi ya majivu ya jikoni, basi. Maua huja kwenye matawi machanga, kwa hiyo yakishaanguka tunakata ncha ili matawi mapya yatoke. Kwetu yanachanua vizuri zaidi mvua inapopungua, Januari na Februari.

Tuseme pia kitu ambacho watoto wanapenda kusikia: ile rangi si ua. Ni majani matatu yaliyobadilika rangi, makavu kama karatasi, na ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.

Na jina lake lina habari ya mwanamke. Kati ya 1766 na 1769 kapiteni Mfaransa Bougainville alizunguka dunia kwa meli. Mtaalamu wake wa mimea, Commerson, alikuwa na msaidizi aliyevaa nguo za kiume, kwa sababu wanawake walikatazwa kwenye meli za jeshi. Msaidizi huyo alikuwa Jeanne Baret, naye anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Walipofika Brazili mwaka 1767 mmea huu ulikusanywa, na wapo wanaodhani ni mikono ya Jeanne iliyoukata. Jina lilikwenda kwa kapiteni. Wamama waliobeba mizigo ya wengine sokoni hawatashangaa.

Sasa miiba. Hapa tunawaomba msipite haraka. Matawi yaliyokatwa yakiachwa chini, mtoto anayetembea bila viatu ndiye atakayeyaokota kwa mguu. Yakusanyeni siku ileile, hata kama jua limezama. Mwiba ukiingia, toeni wote, osheni kwa maji safi na sabuni. Mguu ukivimba ao mwiba ukikatikia ndani, nendeni kituo cha afya. Mwiba uliolala udongoni unaweza kuleta pepopunda. Wenye mimba wanapata chanjo yake wanapokwenda kupimwa, na wadogo wanaipata katika chanjo zao. Angalieni kadi ya mtoto kabla ya kupanda uzio. Tena wanaopanda kwenye ndoo ao sufuria iliyotoboka wasiweke sahani chini yake. Maji yanayolala pale yanazaa mbu.

Je, wezi? Tumwambie ukweli mama wa Mangobo. Mwaka wa kwanza bugenvile haizuii hata mbuzi. Haijifungi yenyewe kama mmea wa maharagwe. Lazima kuiongoza na kuifunga kwa kamba kwenye miti, wiki hadi wiki, na uzio mzito unataka miaka miwili ao mitatu. Minne yetu sasa imefunika upande wa barabara peke yake. Upande wa nyuma bado ni mianzi, na sufuria mpya tunazilaza kwa mama jirani.

Upande huo wa nyuma hatutaununulia kitu. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tunakata vijiti kwenye minne yetu: vilivyokomaa, unene wa kidole, urefu kama kiganja. Vitakaa kivulini kwenye mchanga miezi miwili ao mitatu, na hakuna atakayehamisha hata kimoja kabla ya kuona mizizi kwenye matundu. Kila mama alete sashe tano zilizotobolewa na panga lenye makali. Watoto wadogo wabaki nyumbani, ao waje na viatu.