Polisi wakifunga sauti, nani atasikia?

Zamani, misheni nyingi za ndani zilikuwa na foni. Mutu anaita Bukavu ama Kalemie, na wote waliosimama pembeni wanasikia: bei ya unga, kilio, safari ya padiri. Siri haikukuwa.

Kule Marekani, penye wandugu zetu wengi wanaishi sasa, kuna watu wanaopenda kusikiliza vile. Chombo chao ni skaneri: radio ndogo inayotafuta yenyewe, na kusimama pale mutu anasema. Tangu 1928, wakati polisi ya Detroit ilianza kutuma habari kwa radio mu magari yake, raia walisikiliza pia. Mu New York, mupiga picha Weegee aliruhusiwa mu 1938 kuweka radio ya polisi mu gari yake. Njo maana alifika penye moto na ajali mbele ya wengine.

Leo mulango unafungwa. Mu 2022 Chicago ilianza kuficha sauti za polisi. Raia wanazisikia kisha dakika 30. Mu 2023 New York ikafuata, kuanzia Brooklyn. Polisi inasema: mwizi naye anasikiliza. Ni kweli. Askari wanaozunguka nyumba yenye mutu wa bunduki wana haki ya kusema polepole.

Lakini kufunga yote ni neno lingine. Ajali ya barabara si siri. Wakubwa wakinyamaza, radio trottoir inaanza kutangaza, na sisi tunaijua: haikosi umeme hata siku moja!

Muangalie ndege. Rubani na munara wangali wanaongea wazi, kwa sababu usalama wao unatoka mu kusikilizana. Meli vilevile, mu kanali 16. Basi skaneri haitakufa; wapenzi wake watabaki na ndege, meli na radio za raia wenzao. Lakini ndege hailipwe na kodi yetu. Polisi, ndiyo.

Sisi tunasema: kazi za hatari zifungwe, kazi za kila siku zibaki wazi, na wanahabari wapewe ufunguo. Siku radio za namna hii zitafika kwa polisi yetu, tuulize mapema ufunguo utakaa mu mufuko wa nani. Kisha kufunga, ni nani atatufungulia?