Mkono Ulio Pembeni mwa Picha

Wanaotufahamu wanajua kwamba upigaji picha si kazi yetu wala si riziki yetu. Ni mapenzi tu. Baada ya sala ya alasiri, jua linapopungua ukali, sisi huchukua kamera yetu kuukuu, ambayo lenzi yake imekwisha kuota kuvu kwa unyevu wa bahari, tukazunguka Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka Ndia Kuu hadi ilipo Bandari ya Kale, tukipiga hiki na kile.

Kwa miaka 12 tumekusanya picha nyingi kuliko tunavyoweza kuzitazama. Za milango peke yake ni 412: yenye nakshi za maua, yenye minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, yenye misumari ya shaba, na mingine ambayo mbao zake zimeliwa na mchwa ikabaki fremu tu. Tuna majahazi, tuna paka wasiohesabika, tuna mnara wa Msikiti wa Mandhry katika kila rangi ya mawingu.

Mwaka huu tulifiwa na mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hitma ilipokwisha na wageni wakatawanyika, dada yetu mkubwa alitugeukia akasema, "Wewe ndiwe mwenye mapicha. Hebu tutafutie moja ya mama akiwa jikoni kwake."

Hatukuwa nayo. Ilikuwapo ya kitambulisho, na ile ya pasipoti aliyopiga alipokwenda Hija, zote mbili zikimwonyesha mtu aliyekaa kwa kuamriwa. Mama tuliyemjua sisi, aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi huku akituuliza habari za majirani, hakuwamo mahali popote.

Haukuwa usahaulifu. Mama hakupenda kupigwa picha. Siku ya kwanza tulipomwelekezea kamera alijifunika leso usoni akasema, "Mwanangu, mimi si mlango." Tulicheka naye, tukaiondoa kamera, kisha tukatoka zetu kwenda kutafuta milango.

Jiko lake lilikuwa na giza, kama yalivyo majiko mengi ya nyumba zetu za mawe zenye kuta nene. Dirisha lilikuwa moja, dogo, upande wa mashariki, na asubuhi mwale mmoja wa jua ulipita katikati ya moshi ukatua juu ya chano cha unga. Kila tukiuona mwale ule tulimkumbuka Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyeishi Misri yapata miaka 1,000 iliyopita, ambaye alichunguza namna nuru inavyopenya tundu dogo na kuingia mahali penye giza, hata akaeleza jinsi sura ya jua lililopatwa inavyojichora upande wa pili. Neno kamera lenyewe asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Jiko la mama lilikuwa kamera kabla sisi hatujaingia na yetu.

Kwa ajili ya dada yetu tulizipitia picha zote, moja baada ya moja, kwa usiku tatu. Usiku wa tatu tulifika kwenye picha ya paka wa nyumbani, mweupe mwenye doa jeusi, amekaa kwenye kizingiti cha jiko. Tulikuwa tumeipita mara nyingi. Pembeni, upande wa kushoto, palikuwa na mkono ulioshika sahani ya bati yenye vichwa vya samaki. Pete ya fedha ilikuwa kidoleni, na kwenye kidole gumba kovu la meno ya mbuzi. Juu ya kifundo ulionekana upindo wa leso. Basi.

Siku ile tunaikumbuka. Mama alituona tukipiga, wala hakuuvuta mkono wake. Aliuliza tu, "Ametoka vizuri?" Alikuwa akimkusudia paka.

Dada yetu alipoiona alilia, kisha akatabasamu. Binti yake akasema, "Mjomba, nitumie niiweke kwenye simu, watu wamwombee dua." Nia yake ilikuwa njema, na hatukumkaripia. Tulimwambia kwamba dua haina haja ya picha, na kwamba nyanya yake aliishi miaka yote ile akikataa sura yake isitembee mikononi mwa watu. Kufa kwake hakukuifuta kauli yake. Ni kweli kwamba uso haumo. Hata hivyo picha ile aliipa nyumba yake, hakuipa dunia. Tulichapisha nakala nne, moja kwa kila mtoto wake, na binti akakubali kuitazama kwenye sanduku la mama yake.

Kuhusu hukumu ya picha, wanazuoni wetu wanayo maelezo yao, na anayetaka kujua awaulize wao. Sisi tunasema la ujirani tu: picha ya mtu ni amana. Muulize kabla hujampiga, na muulize tena kabla hujaituma. Akikubali, usimweke kwenye jua la adhuhuri, ambalo humtia kivuli machoni. Mkalishe karibu na mlango au dirisha, umwache aendelee na shughuli yake. Kisha ichapishe, maana simu hupotea na hufa. Ukiitia kwenye fremu, karatasi isigusane na kioo, kwa kuwa unyevu wa pwani yetu huigandisha isibanduke tena.

Na akikataa? Hapo ndipo lilipo kosa letu, na ndilo lililotufanya tuandike haya. Kwa muda mrefu baada ya msiba tulijilaumu kwamba hatukumpiga mama picha. Sasa tunaona kuwa lawama hiyo haikuwa mahali pake. Yeye alikuwa na haki ya kukataa. Sisi hatukulazimika kutoka. Asubuhi zile alipotuambia kwamba yeye si mlango, tungeweza kuiweka kamera juu ya kabati, tukavuta kibao, tukamkamulia tui na kumsikiliza. Badala yake tulikuwa Ndia Kuu, tukingoja kivuli kihame kwenye nakshi za nyumba za watu.

Milango ile mingi yake ingalipo hadi leo.

Kamera bado tunayo, na alasiri bado tunatembea. Ila asubuhi tunapita kwanza kwa dada yetu. Naye pia hapendi picha. Tunakaa jikoni, tunamenya vitunguu, na mazungumzo yanakwenda.

Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.