Mchezo wa mtoto si kazi ya bure

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama wa kambi, leo nataka kusema nanyi juu ya dawa moja isiyotoka katika farmasi ya kampani. Haina sindano wala kidonge. Ni mchezo.

Najua wengine watacheka na kusema: munganga amekosa maneno ya kuandika. Mimi pia nilicheka zamani. Nilipoanza kazi niliwekwa katika chumba cha watoto wenye kwashiorkor. Mama mmoja alimletea mtoto wake mikebe miwili na kijiko cha mti apate kuchezea kitandani. Nikavitoa nje, juu ya usafi. Mtoto akanywa maziwa yake, kilo zikapanda, uvimbe wa miguu ukaisha. Lakini alikuwa akitazama ukuta tu. Halii, hacheki, hanyooshi mkono. Nikaandika kwenye karatasi yake kwamba amepona. Siku ya kutoka mama yake akaniambia, "Munganga, huyu mtoto hajarudi bado." Alisema kweli, na mimi ndiye niliyekosa.

Mtoto mwenye njaa kali hulinda nguvu kidogo aliyo nayo. Hatambai, hashiki kitu, hatafuti sauti ya mtu. Na mtoto asiyeshika kitu hajifunzi, wakati ubongo wake ungali unajengwa. Kwa hiyo mashauri ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003, juu ya watoto waliokonda sana na kulazwa, yanaweka mchezo ndani ya matunzo yenyewe: dakika 15 mpaka 30 kila siku, na mama akiwapo. Siku za kwanza, mtoto akiwa angali dhaifu, ni kumpakata na kumsemesha polepole. Nguvu zikirudi, mpe mkebe na vitu vya kuingiza na kutoa, ngoma ndogo, mwanasesere wa nguo kuukuu. Hakuna cha kununua.

Huko Jamaika, kutoka miaka ya 1986 na 1987, wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo walitembelea nyumba za watoto waliodumaa katika mji wa Kingston. Walikuja mara moja kwa juma, saa moja tu, na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake. Wakafanya hivyo miaka 2. Watoto wale walipokuwa watu wazima, miaka 20 nyuma ya hapo, mapato yao yalipita ya wenzao waliodumaa bila kupata mchezo kwa 25 kwa mia. Ninyi mnaohesabu mshahara kila mwisho wa mwezi, hesabuni hiyo pia.

Lakini watoto hawana haja moja, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Nitaeleza habari ya mtoto mmoja, bila kutaja jina wala kambi. Baba yake aliumia kazini, gari la wagonjwa likamchukua usiku, akakatwa mguu. Mtoto alikuwa na miaka 6. Tangu siku ile akawa anafukia motoka yake ya waya ndani ya mchanga, anapiga kelele kama king'ora, kisha anaifukua. Kesho vile vile. Usiku akaanza kukojoa kitandani. Ndugu wa nyumbani wakasema mtoto huyu anaita kifo, ni ndoki, ndiye aliyekula mguu wa baba yake. Walikuwa tayari kumpeleka mahali pa kumfungisha chakula siku nyingi.

Nilikwenda kwao. Niliwaambia: huyu haiti kifo, anajaribu kuelewa kile alichokiona. Mkubwa hueleza ajali yake kwa mdomo, mara 20, kwa kila mgeni anayeingia. Mtoto hueleza kwa mchanga na waya. Mwalimu mmoja wa Marekani, Virginia Axline, aliandika kitabu juu ya matunzo ya namna hii mwaka 1947: mtoto atangulie, mkubwa afuate. Kwa hiyo nyanya alikubali kukaa karibu naye bila kumpiga na bila maswali mengi, akisema tu anachokiona: "Motoka imefukiwa. Sasa imetoka." Haikuwa kazi ya siku moja. Nyuma ya majuma mengi, mtoto alitoa ndani ya motoka kijiti kimoja, akakiketisha kando ya sahani ya bukari. Kitanda kilikuwa kimeanza kukauka mbele ya hapo.

Na kumwita mtoto ndoki si neno la mchezo. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza.

Mtoto mwenye viungo vigumu, mkalishe kati ya magoti yako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, na weka kitu anachokipenda karibu kidogo na mkono wake. Usimvute vidole kwa nguvu. Kiziwi, cheza naye uso kwa uso, penye mwanga. Nimeona msichana kiziwi akicheza nzango na wenzake vizuri sana, kwani alikuwa anasoma miguu yao. Dada zake ndio walikuwa wakimfungia ndani, eti wanaona haya!

Wababa, mtu anayetoka kazi ya usiku sherti alale, hakuna anayekataa. Lakini dakika 15 mbele ya kwenda kazini unazo. Usimwachie mama peke yake.

Jambo moja tu la usalama, na hapa sina huruma. Kitu cha mgodini kisiingie nyumbani kuwa kitu cha kuchezea. Detonateri, hata inayoonekana imekufa, hukata vidole vya mtoto na kumtoa macho. Kidumu kilichowekwa asidi hakioshwi kikawa cha watoto. Betri ya taa isifunguliwe uani, ina risasi na asidi ndani. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 3, vifuniko vya chupa na vokoto vidogo humkaba koo.

Mtoto wa miezi 9 asiyekaa peke yake, wa miezi 18 asiyetembea, au asiyegeuka akiitwa, mleteni dispensari siku ya kupima watoto. Msingoje aanze masomo. Mje na kile anachopenda kuchezea, kiwe mkebe, kiwe kitambaa. Sitakitupa tena.