Nishati ya Ujenzi Iingie Katika Hesabu

Kila jengo la umma linapokabidhiwa, viongozi hukagua kuta, bati na sakafu, kisha husomewa jumla ya fedha zilizotumika. Haisomwi jumla ya kuni, dizeli na umeme vilivyoteketea hata jengo likasimama. Kwa kuwa vitu hivyo havina safu yake katika makadirio, hakuna anayeulizwa, na asiyeulizwa habani matumizi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuitazame Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa hukutana na ile itokayo Lindi kwenda Masasi. Kanda hii ya Kusini ina gesi asilia, iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kiwanda kikubwa cha saruji kilichoanza kazi Mtwara mwaka 2015. Hata hivyo, vijijini tanuri la matofali bado hulishwa magogo. Tofali la kuchoma huonekana rahisi kwa sababu mti uliokatwa porini haukulipiwa thamani yake. Na juu ya uwanda wa Makonde, huko Newala, hata maji ya kukorogea zege ni nishati, kwani hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Pipa linalomwagika ovyo penye ujenzi ni umeme uliomwagika.

Dawa ipo, wala haihitaji mitambo mikubwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana. Udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha matofali hukomazwa kivulini kwa kunyunyiziwa maji, bila ya kuni. Kwa kuwa hushikana yenyewe, saruji ya kuungia nayo hupungua. Na saruji inayookolewa ni moto uliookolewa, maana huchomwa kiwandani kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Ni kweli kwamba si kila udongo unafaa. Ndiyo maana upimwe kwanza, kabla ya fundi kuitwa.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa shauri hili ni la Bara peke yake. Unguja na Pemba huvushiwa saruji kutoka Bara, na umeme wao hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme huo kwa takriban miezi mitatu, na kila mwenye jenereta aliijua bei ya nishati. Chokaa nayo, iliyojenga Mji Mkongwe, huchomwa kwa kuni.

Serikali ndiyo mjenzi mkubwa kuliko wote. Mwaka 2021 ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Uzembe mdogo wa darasa moja, ukizidishwa mara 15,000, ni msitu mzima.

Kwa hiyo basi, kila makadirio ya jengo la umma, Bara na Visiwani, hayana budi kuwa na safu ya kuni, mafuta, umeme na maji. Mhandisi wa wilaya aitie sahihi, na siku ya makabidhiano isomwe hadharani pamoja na hesabu ya fedha. Hapo ndipo wananchi watakapojua gharama kamili ya jengo lao.